Waridi Chini ya Dari

Swali la kuotesha miwaridi ndani ya nyumba, katika vyungu, si swali la anasa tu kama wadhaniavyo baadhi ya watu; kwani miji yetu inazidi kupanda juu kwa maghorofa, na mtu ambaye baba yake alikuwa na kiwanja chenye mlangilangi na asumini, leo ana vyumba viwili vitatu na dirisha lililotiwa nondo, naye angali ana haja ile ile ya ua na harufu yake. Mtu huyo aghalabu hununua mwaridi uliokwisha kuchanua kwa wauza miche wa kando ya barabara, akauweka juu ya meza ya sebule, akaunywesha maji kila asubuhi kwa mapenzi, na kabla ya mwezi wa pili kwisha majani yamekuwa manjano, matumba yamepukutika kabla ya kufumbuka, na mti umebaki vijiti. Hapo husemwa kwamba mkono wake hauna baraka ya mimea, au kwamba waridi ni ua la nchi za baridi lisilokubali joto letu. Kauli ya kwanza si kweli kabisa, na ya pili ni kweli nusu. Udhaifu wenyewe, kwa rai yangu, hauko katika mkono wa mtu wala katika chungu, bali katika nuru, na mambo mengine yote tutakayoyataja, maji, udongo, joto na wadudu, huwa mazito au mepesi kwa kadiri ya nuru iliyopo.

Tuanze na chungu, kwa kuwa ndicho kinachoshutumiwa kwanza. Wako wanaoshikilia kwamba mwaridi ni mti wa bustani, wenye mizizi itakayo kina cha ardhi, na kwamba kuutia chunguni ni kuudhulumu. Tarihi ya ua hili yawakanusha. Miwaridi ya China, ambayo asili yake imo katika takriban kila mwaridi wa kisasa uchanuao mara kwa mara, iliwafikia Wazungu ikiwa imo vyunguni: watu wa makampuni ya biashara waliotia nanga Canton waliinunua katika vitalu vya Fa Tee, kando ya mto, wakaipakia merikebuni kwa safari ya miezi mingi, na baina ya mwaka 1792 na 1824 aina nne mashuhuri zikawasili Uingereza, ya mwisho ikiwa ya rangi ya manjano. Hadi wakati ule miwaridi ya Ulaya, isipokuwa michache, ilichanua mara moja tu kwa mwaka. Ile ya China ilileta tabia ya kuchanua tena na tena maadamu joto na nuru vipo, bila kungoja majira wala kufupika kwa mchana. Tabia hiyo ndiyo iliyoufungulia mwaridi mlango wa nyumba, kwani mti uchanuao majuma matatu katika mwaka, kisha ukabaki miiba mitupu, hakuna mwenye chumba kidogo atakayeuvumilia.

Kutoka katika ukoo huo huo wa China ilitokea ile midogo kabisa. Mwanzoni mwa karne ya ishirini mtu mmoja wa Uswisi, jina lake Roulet, aliona katika kijiji cha Mauborget, kwenye milima ya Jura, vyungu vya mwaridi vilivyopangwa madirishani, mti wenyewe ukiwa haupiti shibiri moja kwa kimo. Akampasha habari bingwa wa mimea wa Geneva, Henri Correvon, naye akauzalisha na kuueneza kwa jina la rafiki yake huyo. Katika Boskoop, Uholanzi, mkulima Jan de Vink aliuchanganya na aina nyingine akapata, mnamo 1936, mwaridi mwekundu mdogo ulioitwa Tom Thumb huko Marekani. Na katika mji wa Visalia, California, Ralph Moore, aliyeishi tangu 1907 hadi 2009, aliutumia umri wake mrefu kuizalisha miwaridi midogo ya kila rangi, mamia kwa mamia. Miwaridi ya vyungu iuzwayo leo madukani, ambayo sehemu kubwa yake ilizalishwa na watu wa Denmark, imejengwa juu ya kazi ya hao waliotangulia. Basi mti huu haukutiwa chunguni jana; iko miongoni mwake iliyochaguliwa, kizazi baada ya kizazi, kwa sababu iliweza kuishi humo.

Na ushahidi wa karibu zaidi uko kwetu wenyewe. Katika mashamba ya Naivasha, nchini Kenya, ambako maua hukatwa na kusafirishwa kwa ndege hadi minada ya Uholanzi, miwaridi mingi haigusi ardhi hata kidogo: imo katika vyombo vilivyojazwa mawe mepesi ya volkano au usumba wa nazi, chini ya paa la nailoni, ikipewa maji na chakula kwa mirija myembamba tone baada ya tone. Miti hiyo ina paa juu yake na chombo chini yake, na huchanua mwaka mzima kwa miaka kadhaa. Isipokuwa paa lile ni jeupe lipitishalo jua, na usiku wa Naivasha, kwa kuwa mji uko karibu mita 1,900 juu ya bahari, hushuka hadi digrii kumi hivi. Mkulima wa Naivasha na bibi wa sebuleni Mombasa wote wawili wamefuga mwaridi katika chombo na chini ya paa. Tofauti yao ni nuru na joto la usiku.

Jicho la binadamu ni shahidi asiyeaminika katika jambo la nuru, kwa kuwa mboni hupanuka gizani na kunywea mwangani bila mwenyewe kutambua, hata akaona sebule yake ina mwanga wa kutosha ilhali mmea umo njaani. Kwa kipimo cha mwanga kiitwacho laksi, jua la mchana katika nchi zetu hufikia laksi 100,000. Karibu na dirisha lililo wazi, pasipo kupigwa na jua lenyewe, ni elfu chache. Na katikati ya chumba, mahali ambapo meza ya maua huwekwa kwa kawaida, ni mia chache tu, yaani haifikii sehemu moja katika mia ya mwanga wa nje. Toa tena kinachozuiwa na wavu wa mbu, na pazia, na kioo cha rangi, na nyumba ya jirani iliyoinuka upande wa pili wa kichochoro. Mwaridi hutaka kupigwa na jua lenyewe kwa muda wa saa sita au karibu yake kila siku. Usipoyapata hayo haufi mara moja, na hapa ndipo watu wanapodanganyika, kwani huishi kwanza kwa akiba iliyokuwa imo katika shina lake: hutoa machipukizi marefu, membamba, yenye nafasi kubwa baina ya jani na jani, yakielemea dirishani, matumba hufanyika yakakauka yangali madogo kama punje, kisha majani ya chini huanza kugeuka rangi. Mwenye nyumba, aonapo hivyo, huongeza maji, na maji ndiyo humaliza kazi iliyoanzwa na giza.

Joto nalo huingia katika hesabu hii hii. Mmea hutengeneza sukari yake mchana kwa nuru, na huitumia mchana na usiku kwa kupumua; na kupumua huko hukaribia kuwa maradufu kila joto linapoongezeka kwa digrii kumi. Nuru ni mapato, joto la usiku ni matumizi. Mwaridi wa Lushoto au Limuru, ambako usiku ni baridi, waweza kustahimili dirisha hafifu kwa kuwa matumizi yake ni madogo. Mwaridi wa Zanzibar wakati wa kaskazi, usiku joto likiwa digrii ishirini na tano, wahitaji nuru nyingi zaidi ili ubaki pale pale ulipo. Hii ndiyo ile nusu ya kweli iliyomo katika kauli ya kwamba waridi halipatani na pwani. Ua litachanua pwani, lakini litakuwa dogo zaidi, litafumbuka upesi na kupauka upesi, na mti hautasamehe kivuli ambacho wa mlimani ungelikisamehe. Katika miezi ya kusi, hasa Julai na Agosti, hali huwa nyepesi, na huo ndio wakati wa kuanza kazi hii kwa mtu asiyeizoea.

Vitabu vingi vya maua vilivyotufikia viliandikwa kwa ajili ya nchi za kaskazini, navyo vyamwamuru msomaji achague dirisha lielekealo kusini. Amri hiyo ni sahihi kwa mtu wa London, ambaye jua lake la adhuhuri haliondoki upande huo. Kwa mtu wa Mombasa, aliye digrii nne kusini mwa ikweta, haina maana. Huku jua la adhuhuri liko juu ya paa, na dirisha la kusini hulipata kidogo wakati wa kaskazi, lile la kaskazini wakati wa kusi, na yote mawili hupata kwa pembe ambayo upenu hulizuia. Dirisha la mashariki na la magharibi ndiyo yapatayo jua mwaka mzima, kila moja nusu ya siku. Na baina ya hayo mawili la mashariki lashinda, kwa kuwa jua la asubuhi huja kabla hewa haijapata moto na hukausha umande wa majani mapema, ilhali jua la alasiri huukuta mti umekwisha choka na chungu kimepata moto hata mizizi iliyogusana na ukuta wake ikaungua.

Wala wazee waliojenga nyumba za mawe za Lamu na Mombasa hawakuliacha jambo hili bila ufumbuzi, ijapokuwa hawakuwa wakiujengea mwaridi. Vyumba vyao ni vyembamba, kwa kuwa upana wake ulifungwa na urefu wa boriti za mikoko zibebazo dari, na kuta zao ni nene, hata ndani mna ubaridi na giza la kupendeza. Lakini katikati ya nyumba pana kiwanda, ua mdogo usio na paa, uliozungukwa na kuta pande zote, ambamo jua la adhuhuri hushuka wima mpaka chini. Mahali pale pamo ndani ya nyumba kwa kila hali ya sitara na faragha, na pamo nje kwa kila hali ya nuru na hewa. Sioni mahali bora zaidi pa kuweka vyungu vya miwaridi katika pwani yote. Yanihuzunisha kuona viwanda hivyo vikiezekwa mabati ili kupatikane chumba cha kupangisha, na nyumba mpya zikijengwa kana kwamba ujuzi huo haukuwahi kuwapo. Asiye na kiwanda ana roshani. Asiye na roshani ana kizingiti cha dirisha la mashariki. Na aliyekosa yote matatu hana budi kuiendea taa.

Taa hufaa, lakini si taa yoyote. Balbu ya dari iliyo mbali na mmea ni pambo tu, kwa sababu nguvu ya mwanga hupungua kwa haraka kuu kadiri umbali unavyozidi: ukiongeza umbali maradufu, kinachofika hubaki robo. Taa za LED zilizofungwa juu ya miwaridi midogo kwa umbali wa sentimita ishirini hadi thelathini, zikiwashwa saa kumi na nne au zaidi kwa siku, zaweza kuifikisha kwenye kuchanua, na kwa kuwa mwaridi wa ukoo wa China hauhesabu urefu wa mchana, haudhuriki kwa kurefushiwa. Taa ya wati 30 ikiwaka saa hizo kumi na nne hula uniti zisizozidi kumi na tatu za umeme kwa mwezi. Kila mtu na apime mwenyewe kama ua lake lina thamani hiyo.

Katika habari ya maji na udongo nitasema kwa ufupi pale palipokwisha semwa na wengi, na kwa urefu pale ambapo pwani ina tabia zake. Chungu kiwe na matundu. Mwaridi mdogo watosheka na kina cha sentimita ishirini, mwaridi wa maua makubwa wahitaji arobaini au hamsini, na hicho ni chombo kisichobebeka na mtu mmoja. Kisahani cha chini kimwagwe. Maji yatiwe pale kidole kikizamishwa udongoni kinapokuta ukavu, si kwa saa wala kwa desturi ya asubuhi. Iko itikadi moja iliyoenea mno, ya kutandika kokoto chini ya chungu ili maji yapite, nayo ni kinyume cha ukweli: maji hayatoki katika udongo wa chembe ndogo kuingia katika tabaka la mawe mpaka ule wa juu uwe umejaa pomoni, kwa hiyo tabaka lile la mawe halikaushi kitu, bali hupandisha tope karibu zaidi na mizizi. Atakaye maji yapite na achanganye mchanga wa chembe kubwa au mawe mepesi katika udongo wote, pamoja na mboji na samadi iliyooza barabara.

Udongo wa pwani nyingi umetokana na matumbawe, umejaa chokaa, ilhali mwaridi hupenda uchachu kidogo, baina ya 6 na 6.5 kwa kipimo cha pH. Chokaa ikizidi, mizizi hushindwa kuchukua madini ya chuma japokuwa yamo, na majani machanga huwa manjano ilhali mishipa yake imebaki na kijani. Alama hiyo ni dhahiri, wala haiponi kwa mbolea ya kawaida. Maji ya visima vyetu mara nyingi yana chokaa hiyo hiyo, na pengine chumvi juu yake; basi maji ya mvua yaliyokingwa kutoka paani ndiyo bora, na wakati wa masika na vuli hayana gharama. Usumba nao, ambao wenye mashamba makubwa wausifu kwa haki, sharti uangaliwe asili yake: makumbi yetu hufukiwa ufukweni kwa miezi, yakajaa maji ya bahari, ndipo yakapigwa kutolewa nyuzi za kamba, na vumbi litokalo humo lina chumvi ya kuuua mwaridi. Lioshwe kwa maji matamu mara nyingi kabla ya kutumiwa. Hata mbolea ya dukani ni chumvi kwa mizizi. Itiwe nusu ya kiasi kilichoandikwa, kila majuma mawili, na ukoko mweupe ukionekana ukingoni mwa chungu, chungu kinyweshwe maji mengi mpaka yatirike chini na kuusafisha udongo.

Kuishi chini ya dari kuna faida moja ambayo haisifiwi inavyostahili. Ugonjwa wa madoa meusi, unaoidhili miwaridi ya bustanini wakati wa mvua, hauwezi kuingia katika jani mpaka jani liwe limelowa maji kwa muda wa saa saba hivi mfululizo, na mvua haifiki ndani. Bali ubwiri unga hauna haja ya jani kulowa, hupenda usiku wa unyevu na hewa isiyotembea, na utitiri mwekundu ndio adui mkubwa wa chumba, hasa kilicho na kiyoyozi, ambacho hukausha hewa na kuwafukuza wadudu waulao utitiri. Kunako joto la digrii thelathini kizazi chake hutimia katika juma moja au zaidi kidogo, na majani huanza kuonyesha vidoa hafifu vya manjano kabla utando haujaonekana. Dawa yake ya kwanza ni maji safi yanayorushwa kwa nguvu upande wa chini wa majani, asubuhi, mara mbili au tatu kwa juma. Tena kuna adui asiyeonekana kabisa: hewa ya ethilini, itokayo katika matunda yanayoiva na katika moshi. Miwaridi midogo ya vyunguni ni dhaifu mno mbele ya hewa hiyo, hata kuwekwa kando ya kapu la ndizi mbivu au maembe katika chumba kilichofungwa, au karibu na jiko la makaa, kwatosha kuipukutisha matumba yake yote, na mwenye nyumba akabaki akishangaa kwa kuwa maji na jua alivitimiza.

Watu wa pwani waliujua mwaridi zamani kwa marashi yake, yaliyokuwa yakinyunyizwa kwa mrashi katika harusi na maulidi, na kwa hiyo wengi wanapotaka kuotesha hutamani ule wa marashi. Huo ni mwaridi wa Jabal Akhdhar katika Omani na wa milima ya Uajemi. Uko karibu mita 2,000 juu ya bahari, hupata baridi ya kweli, huchanua majuma machache tu katika mwaka, kuanzia mwisho wa Machi hadi Mei, na kichaka chake hupita kimo cha mtu. Kwa kila sifa haufai chumbani. Atakaye harufu na autafute mwaridi wa chai au wa China katika chungu kikubwa, kiwandani au roshanini; atakaye rangi tu dirishani, na achukue mdogo. Yale maua makubwa ya shina moja refu, ambayo macho huyatamani zaidi, nayahesabu kuwa ni ya kukata shambani na kuleta nyumbani, si ya kufugwa humo.

Na hata huo mdogo, sebule iwe kwake ni mahali pa kuzuru. Mtu awe na vyungu vitatu au vinne penye nuru, akiingize ndani kile chenye matumba yaliyoanza kuonyesha rangi, kikae siku nne tano mpaka maua yanyauke, kisha akirudishe nje na kuyakata maua juu ya jani la vipande vitano linaloelekea nje. Baada ya majuma sita hadi nane kitakuwa tayari tena, na kwa kupokezana hivyo nyumba haikosi ua.

Lililobaki ni asili ya mche. Ule uuzwao madukani mara nyingi umelelewa nyanda za juu, na katika chungu kimoja mna vipandikizi vitatu au vinne vilivyosongamana ili kichaka kionekane kimejaa. Vitenganishwe kila kimoja na chungu chake baada ya maua ya kwanza, la sivyo vitanyimana maji na chakula. Lakini mche bora kwa pwani hauuzwi popote: ni ule ulioota miaka mingi katika ua wa jirani, ukapita kaskazi baada ya kaskazi na kuendelea kuchanua, kwa kuwa huo umekwisha pimwa na mahali penyewe. Uombwe kwa mwenyewe tawi lililomaliza kuchanua hivi karibuni, unene wa kalamu, urefu wa sentimita kumi na tano, lenye macho matatu au manne. Yaondolewe majani ya chini, yaachwe mawili ya juu, nusu ya tawi ifukiwe katika mchanga uliooshwa chumvi na kuchanganywa na mboji kidogo, na chungu kifunikwe nailoni nyeupe kivulini. Katika joto letu mizizi hutokea baada ya majuma matatu hadi matano. Nailoni iondolewe kwa kidogo kidogo, na mche usogezwe kwenye jua la asubuhi hatua kwa hatua. Na ua la kwanza likatwe lingali tumba, ili nguvu irudi mizizini.